Kutoka kitunguu hadi Nairobi: yaliyofichika katika majina ya miji ya Marekani

Muhula mmoja niliingia katika ukumbi wa mihadhara kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu, nikamkuta kijana mmoja katika safu ya mbele amevaa kofia iliyotariziwa neno Chicago kwa uzi mwekundu. Nilimwuliza neno hilo lina maana gani. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jina la mamake mzazi, kisha akajibu kwa adabu, "Ni mji wa Marekani, Mwalimu." Nikamwambia kwamba sikuuliza Chicago ni mji wa wapi, niliuliza maana ya neno. Ukumbi mzima ukanyamaza. Nilipowaeleza kwamba mwenzao alikuwa amevaa kitunguu kichwani, walicheka hadi mhadhara wa jirani ukasimama.

Walakini huo ndio ukweli wenyewe. Chicago ni neno la Wamiami na Waillinois, wenyeji wa nchi ile kabla ya kuja kwa Wazungu. Wao walitamka *shikaakwa*, na kwa neno hilo walikitaja kitunguu-mwitu chenye harufu kali kilichoota kwa wingi kandokando ya mto. Neno hilo hilo lilimtaja pia mnyama wa jamii ya kicheche, ambaye naye, kama ajuavyo kila aliyewahi kukutana na kicheche, hana haja ya kujitambulisha kwa jina. Wafaransa wa karne ya 17 waliliandika kadiri masikio yao yalivyolisikia, na Waingereza wakalirithi hivyo. Isitoshe, mtu wa kwanza asiye mwenyeji kufanya makao ya kudumu mahali hapo alikuwa mfanyabiashara mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, aliyeuza mali yake na kuhama mwaka 1800. Ilimbidi asubiri hadi mwaka 2021 ndipo barabara kuu inayopita ufukweni mwa ziwa katika jiji hilo iongezewe jina lake.

Nimeanza na kofia kwa sababu majina ya miji ya Marekani tunayo kila upande. Matatu zetu zimepakwa majina hayo kutoka ubavuni hadi kioo cha nyuma, vijana wetu wanayavaa kifuani, na walimu wetu wa jiografia huyaandika ubaoni ili yakaririwe kwa ajili ya mtihani. Ni wachache wanaouliza yametoka wapi. Ilhali jina la mji ni hati. Sawa na hati yoyote, lina mwandishi wake na tarehe yake, na mara nyingi lina mtu ambaye jina lake lilikatwa ili hilo jipya liandikwe. Marekani inafaa sana kwa uchunguzi wa aina hii, kwa kuwa miji yake mingi ni michanga, na kumbukumbu za waliobatiza na waliobatizwa bado zinasomeka.

Tazama kwanza jinsi lugha zilivyorundikana. Detroit ni Kifaransa, na maana yake ni mlango mwembamba wa maji. (Mwulize mwanafunzi wako: ukivuka mto kutoka katikati ya Detroit ukielekea kusini, unaingia nchi gani? Atakujibu kila jibu isipokuwa lililo sahihi, yaani Kanada.) Philadelphia ni Kigiriki, upendo wa ndugu, na aliyeuchagulia mji jina hilo ni William Penn katika karne ya 17. Minneapolis ndiyo inayonifurahisha zaidi. Jina hili lilibuniwa mwaka 1852 na mwalimu wa shule, Charles Hoag, aliyechukua neno la Wadakota lenye maana ya maji na kulifunga kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mji. Kwa hiyo jiji zima lina kichwa cha Kidakota na mkia wa Kigiriki, na mshonaji ni mwalimu. Nawakumbusha walimu wenzangu jambo hilo kila wanapolalamika kwamba kazi yetu haiachi alama.

Kiebrania nacho kina fungu lake, na hapa pana ujamaa unaotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Katika jimbo la Massachusetts kuna mji wa bandari uitwao Salem. Wenyeji waliuita Naumkeag. Walowezi Waingereza waliokuwa wakiisoma Biblia usiku na mchana wakaupa jina la amani. Mzizi wa neno hilo katika lugha za Kisemiti ni konsonanti tatu, s, l na m, na ndio huo huo ulioingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu, ukatuzalia salamu, salama na usalama. Salem, basi, ni ndugu wa damu wa salama. Katika karne ya 19 mabaharia wa mji huo walikuwa wakitia nanga Unguja, wakileta kitambaa cha pamba na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa hicho ndicho tulichokiita merikani, na neno hilo limebaki katika kamusi zetu ingawa majahazi yale yamekwisha oza. Kinachosikitisha ni kwamba mji huu wa amani unakumbukwa duniani kwa jambo lililo kinyume kabisa cha jina lake. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa huko kwa tuhuma za uchawi. Leo nembo ya polisi wa Salem ina picha ya mchawi aliyepanda ufagio, na watalii humiminika huko kwa ajili hiyo. Kijiji ambako tuhuma zenyewe zilianzia kilikuja kujitenga na kujiita Danvers. Watalii wengi hukipita bila kusimama.

Los Angeles, mji wa malaika, uliasisiwa mwaka 1781 na watu 44, watu wazima na watoto, waliotembea kutoka nchi ambayo leo ni Meksiko wakati sehemu hizo zilipokuwa chini ya Wahispania. Filamu za mji huo zimetuzoesha kuwaza sura za aina moja. Hata hivyo orodha ya waasisi ipo, na Wahispania, ambao hawakuacha kuandika rangi ya mtu, waliandika kwamba zaidi ya nusu ya watu hao walikuwa na asili ya Kiafrika, kwa ukamilifu au kwa kuchanganya, na wengi katika waliosalia walikuwa na damu ya wenyeji wa bara la Amerika. Malaika wa mji ule, ukipenda, walikuwa weusi.

Si majina yote yaliyotungwa kwa fikira nzito. Mwaka 1845 mabwana wawili waliokuwa wakimiliki ardhi moja katika Oregon walishindwa kukubaliana. Asa Lovejoy alitaka mji wao uitwe Boston, kwa kuwa alitoka Massachusetts; Francis Pettygrove, aliyetoka Maine, alitaka uitwe Portland. Wakarusha senti hewani mara tatu, Pettygrove akashinda mara mbili, na ndiyo sababu leo tunasema Portland. Senti yenyewe imehifadhiwa na chama cha historia cha jimbo hilo. Mwaka 1950 mji wa Hot Springs katika New Mexico ulikubali kuacha jina lake la chemchemi na kujiita kwa jina la mchezo wa redio wa maswali na adhabu, Truth or Consequences, kwa sababu mtangazaji wa mchezo huo aliahidi kutangaza kipindi cha maadhimisho kutoka mji wowote utakaokubali. Mchezo ulikwisha zamani. Jina limebaki, na wenyeji wamechoka kulitamka lote, hulifupisha kwa herufi mbili.

Oregon hiyo hiyo ina kijiji kiitwacho Boring, neno ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiingereza hulitumia kumwelezea mhadhiri wake. Kijiji hakikuitwa hivyo kwa sababu kinachosha. Kilipewa jina la mkulima wa mahali hapo, William Boring, aliyekuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2012 kilifunga udugu na kijiji cha Uskochi kiitwacho Dull, jina ambalo katika Kiingereza humaanisha kitu kilichopooza, ijapokuwa kwa asili halina uhusiano wowote na neno hilo. Vijiji viwili vikawa mashuhuri duniani kwa maana ambazo majina yao hayana. Kuna pia Chicken katika Alaska, yaani Kuku. Husimuliwa kwamba wachimba dhahabu walitaka kukiita kwa jina la kwale wa theluji aliyekuwa kitoweo chao, wakashindwa kuafikiana juu ya tahajia ya jina lake kwa Kiingereza, linaloanza kwa herufi p isiyotamkwa, wakaona heri waandike kuku. Mwanafunzi akichekelea kisa hiki, mwambie kwamba visa vya namna hii havina budi kupokewa kwa tahadhari. Watu hawapendi jina lisilo na hadithi, na pale hadithi inapokosekana huitunga. Kisa kikiwa kitamu mno na kimekamilika mno, mwanaisimu huanza kutafuta karatasi.

Nina ugomvi mdogo na wasafiri wanaorudi kutoka Marekani na kutusimulia, kwa dharau, jinsi Wamarekani wasivyojua kutamka majina waliyoyaazima. Ni kweli kwamba mji wa Versailles katika Kentucky hutamkwa na wenyeji kwa namna ambayo Mfaransa hataitambua, kila herufi ikisikika. Lima katika Ohio ni "Laima". Madrid katika Iowa na Berlin katika New Hampshire huwekewa mkazo kwenye silabi ya kwanza. Na Cairo katika Illinois, pale mto Ohio unapoingia katika Mississippi, wenyeji huutamka "Kero". Msemaji wa Kiswahili hawezi kuzuia kicheko, lakini historia ya mji huo inazima kicheko chenyewe: uliokuwa na wakazi zaidi ya 15,000 mwaka 1920, ulihesabiwa chini ya 2,000 mwaka 2020, baada ya miongo ya ugomvi wa rangi na biashara kuhama.

Matamshi hayo si ujinga. Ni uraia. Neno likihamia nchi ya watu huvishwa mavazi ya huko, na sisi ni mashahidi. Hatumwombi Mjerumani radhi kwa kusema shule, wala Mreno kwa kusema meza. Na kanisa lake, *igreja*, tumelifanya gereza, tukalibadili sauti na maana kwa pamoja. Mwenyeji wa Lima ya Ohio ana haki ile ile. Bunge la jimbo la Arkansas lilichukulia suala hili kwa uzito hata likapitisha azimio mwaka 1881 kwamba s ya mwisho isitamkwe. Azimio hilo halikuvuka mpaka. Katika jimbo la Kansas kuna mji uitwao Arkansas City, na wakazi wake huitamka s hiyo bila woga, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili.

Serikali inapoingilia, mambo huwa mengine. Mwaka 1890 iliundwa bodi ya kitaifa ya majina ya mahali, nayo mwaka uliofuata ikaamua kwamba miji yote yenye kuishia kwa *burgh* iondolewe herufi h ili tahajia iwe moja. Mji wa Pittsburgh ukanyang'anywa h yake. Ungedhani ni jambo dogo, herufi ambayo hata haitamkwi. Wakazi waligoma. Magazeti mengine yalitii, mengine yakakataa, na malalamiko yakaendelea kwa miaka 20 hadi bodi ikasalimu amri mwaka 1911 na kuirejesha. Kila mwaka naulizwa na wanafunzi kwa nini tunapoteza muda kujadili tahajia. Huwapa Pittsburgh kama kazi ya nyumbani.

Nimesema kwamba kulitamka jina upendavyo ni haki ya aliyeliazima. Lakini iko tofauti kubwa kati ya kuazima jina la mji wa mbali, ambao hautapungukiwa na kitu, na kuchukua jina la mtu aliye mbele yako pamoja na ardhi anayosimama juu yake. Kisa cha Seattle kinaonyesha tofauti hiyo. Jiji hili limepewa jina la kiongozi wa Wasuquamish na Waduwamish ambaye katika lugha yake, Kilushootseed, jina lake lilikuwa na pumzi iliyokatwa kooni katikati, na mwishoni sauti ambayo ulimi huinuka kama wa kutamka l, lakini pumzi ikatoka pembeni kwa mvumo pasipo koo kutetemeka. Wazulu wanayo sauti hiyo, huiandika hl. Waingereza hawanayo, wakaandika t na l. Hadi hapo hakuna kosa. Masikio yana mipaka yake.

Ila mwaka 1865, baraza la kwanza la mji huo lilipokuwa likitunga sheria zake za mwanzo, ya tano iliwakataza wenyeji wa asili kuishi ndani ya mji, isipokuwa wale waliopewa makao na waajiri wao. Msomaji, izingatie tarehe hiyo. Mzee mwenye jina lake alikuwa bado yu hai. Alifariki mwaka 1866. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kulikuwa na mji wenye jina la mtu ambaye kabila lake halikuruhusiwa kulala humo. Binti yake, Kikisoblu, hakuondoka. Mama mmoja mlowezi aliona jina hilo halimfai mwanamke mzuri kama yeye, akamwita Angeline, na kwa jina hilo Kikisoblu aliishi katika kibanda karibu na ufuko, akiwafulia wakazi nguo, hadi alipofariki mwaka 1896. Baba jina lake likapewa mji, binti lake likabadilishwa, na wote wawili hawakuulizwa.

Wakati mwingine mji hutafuta jina kama mfanyabiashara atafutavyo mtaji. Katika milima ya Pennsylvania palikuwa na miji miwili, Mauch Chunk na East Mauch Chunk, jina litokanalo na lugha ya Walenape lenye maana ya mlima wa dubu. Makaa ya mawe yalipokwisha kuleta fedha, miji hiyo ilifukarika. Mwaka 1953 alifariki Jim Thorpe, mwanamichezo wa kabila la Wasac na Wafox kutoka Oklahoma, aliyejishindia dhahabu mbili katika michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Mjane wake alikuwa anatafuta mji utakaomjengea kaburi la heshima. Makubaliano yakafikiwa: miji miwili iungane, ijiite Jim Thorpe, nayo ipewe maiti. Mwaka 1954 ikawa hivyo. Thorpe mwenyewe hakuwahi kukanyaga mahali hapo alipokuwa hai.

Wanawe walitaka baba yao arudishwe Oklahoma akazikwe kwa desturi za watu wake. Walikwenda mahakamani mwaka 2010 wakitegemea sheria ya kuwarudishia wenyeji wa asili mabaki ya wafu wao. Mwaka 2013 walishinda. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ikaamua kwamba mji si jumba la makumbusho, kwa hiyo sheria hiyo haiugusi. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi. Kaburi liko pale pale. Mtu anaweza kusema kwamba mji ulimpa Thorpe heshima ambayo wengi hawakumpa, na sitabishana naye. Ninachokiona mimi ni jina la Walenape lililofutwa ili jina la mtu wa kabila jingine lipandishwe, na maiti iliyofuata jina badala ya jina kufuata maiti.

Mambo hayaendi upande mmoja daima. Mji ulio kaskazini kuliko yote katika Marekani uliitwa Barrow kwa zaidi ya karne nzima, kwa heshima ya Sir John Barrow, mkubwa wa ofisi ya jeshi la majini la Uingereza, ambaye hakuwahi kufika huko. Wenyeji wake Wainupiat walikuwa na jina lao, Utqiaġvik, linalohusishwa na mahali pa kuchimbia mizizi ya kula. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 walipiga kura. Waliotaka jina la asili walikuwa 381, waliotaka Barrow libaki 375. Tofauti ya kura sita! Na usifikiri kwamba waliopinga wote walikuwa wageni au wapenda ukoloni. Wako wenyeji waliodai kwamba jina sahihi la mahali pale ni jingine, linalohusu bundi weupe, na kwamba serikali ya mji ilifanya haraka. Hiyo g yenye nukta juu yake inawasumbua wapiga chapa hadi leo, nami naomba radhi kama gazeti letu halikuweza kuipata.

Nimeacha mwisho kisa kinachotugusa sisi moja kwa moja. Katika California, jirani na Chuo Kikuu cha Stanford, kuna mji tajiri uitwao Palo Alto. Jina ni la Kihispania, mti mrefu, na mti wenyewe upo, umezidi umri wa miaka 1,000. Mashariki mwa barabara kuu kuna mji mwingine uitwao East Palo Alto. Hauna mti huo, wala haumo katika wilaya moja na mwenzake. Katika miaka ya 1950 madalali wa nyumba waliwatisha wazungu wahame kwa bei ya hasara, wakawauzia Weusi nyumba hizo hizo kwa bei ya juu, na upanuzi wa barabara ukaumega mji vipande. Kufikia miaka ya 1960 wakazi wengi walikuwa Weusi, na watoto wao walikuwa wakihitimu shule ya upili bila kuweza kusoma ipasavyo.

Wazazi hawakukaa kimya. Gertrude Wilks na akina mama wenzake walianza mwaka 1966 kuwapeleka watoto wakaishi kwa familia za wazungu ng'ambo ya pili ya barabara ili wapate kusoma katika shule za huko. Kisha wakaanzisha yao wenyewe, kwanza ya Jumamosi, baadaye ya siku zote, wakaiita Nairobi Day School. Mwaka 1969 kikafuata chuo, Nairobi College. Nairobi ya wakati ule, mji mkuu wa nchi iliyopata uhuru miaka michache tu iliyotangulia, ilisikika katika masikio yao kama ahadi. Ikumbukwe kwamba mwaka 1966 huo huo, katika jimbo hilo hilo la California, ndipo Maulana Karenga alipoasisi sikukuu ya Kwanzaa, akiazima maneno ya Kiswahili kwa nguzo zake saba. Moja ya nguzo hizo ni kujichagulia, na miongoni mwa mambo ambayo nguzo hiyo inayahusisha ni watu kujiita wenyewe badala ya kuitwa na wengine.

Hivyo mwaka 1968 wakazi wa East Palo Alto waliletewa swali katika kura: je, mji wetu uitwe Nairobi? Ninaielewa vyema hamu ya waliouliza. Jina linaloanza na "Mashariki ya" humfanya mtu kuwa ua wa nyumba ya jirani yake. Kila unapolitaja unamtaja yeye kwanza. Walakini pendekezo lilishindwa kwa kura nyingi. Mji ulipata halmashauri yake mwaka 1983, katika kura ambayo ushindi wake ulikuwa wa kura 15 tu, na ulifanya hivyo kwa jina lile lile la zamani. Gertrude Wilks alikuja kuwa meya wake.

Niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki mwishoni mwa mhadhara ule ulioanza kwa kofia, nikawataka wapige kura kama kwamba wao ndio wakazi wa mji ule. Wengi waliinua mikono kuunga mkono Nairobi, na wakaanza kuwashutumu waliopinga kwamba wametawaliwa akilini. Binti mmoja aliyeketi nyuma, mzaliwa wa Kajiado, hakuinua mkono upande wowote. Nilimwuliza sababu. Alisema kwamba nyumbani kwao *Enkare Nairobi* ni maji baridi, mahali pa kunyweshea ng'ombe, na kwamba wajenzi wa reli walipoliandika jina hilo kwenye karatasi zao mwaka 1899 waliliacha neno la maji wakachukua la baridi peke yake. "Kwa hiyo, Mwalimu," akaniuliza, "hao wa California walikuwa wanaomba jina la nani?"

Kijana mwenye kofia alitaka kumjibu, lakini darasa la saa nne lilikuwa limekwisha fika mlangoni.